Keti Kwanza: Miaka Thelathini na Mmoja ya Mzee Wetu wa Chumba cha Kusikilizia

Leo, Ijumaa tarehe thelathini Juni, duka letu linamuaga mtu aliyelitumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenye kitambulisho chake ameandikwa Mshauri Mkuu wa Wateja, cheo kinachojulikana na kitambulisho peke yake. Kwa wafanyakazi, kwa wateja, kwa wapita njia na hata kwa mama anayetuletea chai ya saa nne, yeye ni Mzee Keti, na atabaki kuwa Mzee Keti.

Jina hilo hakupewa bure. Duka letu linauza televisheni, redio, spika na kila kinachochomekwa katikati yake, na watu huingia mlangoni wakiwa na haraka zao. Wameshaona kitu kwa jirani, wameshakitamani, wanataka wakibebe leo hii. Mzee huwapokea kwa maneno mawili tu: keti kwanza. Hakuna aliyewahi kununua kitu kwake akiwa amesimama. Wapo waliojaribu, tena watu wazito ambao gari linawangoja nje na injini inaunguruma, wakaishia kwenye kigoda.

Mimi ninayeandika haya nasimamia kaunta ya nyaya na rimoti, hatua chache kutoka mlango wa chumba chake. Kwa miaka kumi na minne nimesikia kila kilichopigwa mle ndani, nilichokipenda na nilichokichoka. Meneja alipouliza nani ataandika wasifu wa Mzee, wenzangu wote walinigeukia, nami sikujifanya kukataa. Najivunia kufanya kazi naye, na hilo nalisema mapema nisije nikalisahau katikati ya utani.

Alianza kama mpakiaji. Zama zile televisheni zilikuwa na kichogo, na hata ile ya ukubwa wa kati ilihitaji wanaume wawili na dua. Kazi yake ilikuwa kushusha mzigo kwa mteja, kupokea ahsante na kurudi garini. Ahsante aliipokea vizuri. Kurudi garini ndiko kulikomshinda. Alibaki mlangoni kuangalia kitu kinawekwa wapi. Akaona televisheni mpya ikielekezwa dirishani, jua likiipiga usoni mchana kutwa. Akaona spika mbili nzuri zimepandishwa juu ya kabati, moja inatazama dari, nyingine imezibwa na maua ya plastiki. Dereva wa wakati huo alipiga honi mpaka majirani wakatoka nje, na kumbe mpakiaji wetu yuko ndani anasogeza makochi ya watu.

Malalamiko yalipomfikia bosi wa kwanza wa duka, alimwita akamuuliza huko ndani anafanya nini. Akajibu kwamba vitu vizuri vinatoka dukani vizima na kuharibikia sebuleni, na hakuna anayekwenda kuvitazama. Mwaka uliofuata akatolewa kwenye mizigo akaletwa kwenye mauzo. Baadaye akaomba stoo ya nyuma, iliyokuwa imejaa maboksi matupu na panya mmoja mkaidi, aigeuze kuwa chumba cha kusikilizia. Akatandika zulia kuukuu, akatundika pazia zito, akaweka viti vitatu visivyofanana hata kidogo: kochi, kiti cha mbao na kigoda. Si kila nyumba ina kochi, ndivyo alivyoeleza. Mteja huketishwa kwenye kile kinachofanana na anachokalia kwake, na ndipo muziki unapowashwa.

Wauzaji wengine wakikutana na mteja humuuliza ana kiasi gani. Mzee huuliza nyumbani nani anakaa wapi. Dirisha liko upande gani, ukuta wa nyuma ni wa nini, mtoto hulala chumba kipi, jirani ni mtu wa namna gani. Kwa imani yake, kila sebule duniani ina kiti kimoja kibaya. Kiko karibu na mlango, picha unaiona kwa ubavu, na sauti inakufikia ikiwa imeshagonga ukuta na kuchoka. Yeye hukiita kiti cha adhabu. Anayekikalia huwa ni mtu asiyependa ugomvi: bibi, mtoto wa mwisho, au mke aliyeingia sebuleni wenzake wote wameshakaa. Mzee akishamjua mtu huyo husema huyo ndiye mteja wake, hata kama mwenye pesa ndiye aliyeketi mbele yake akiwa amekunja uso. Kupanga vyombo, kwa Mzee Keti, ni kumtoa mtu mmoja kwenye kiti cha adhabu.

Miaka ya karibuni aliongeza swali jingine. Na nyumbani nani hasikii vizuri? Tulidhani amelitoa kwenye vijitabu vya watengenezaji, kwa sababu alianza kuliuliza ghafla na hakuliacha tena. Wateja wengine walicheka, wengine walimtaja baba au shangazi. Swali hilo tutalirudia chini.

Hukumu yake juu ya chombo chochote ina neno moja. Kikiipendeza nyumba na watu wake, husema kinakaa. Kisipowapendeza, hakikai, na hapo hata ukimletea mtengenezaji mwenyewe hamshawishi. Kwa sababu hiyo risiti ya mteja wake haiwekwi mfukoni wala ndani ya mfuko. Anaibandika kwa gundi juu ya kifuniko cha boksi, mahali ambapo macho yataanzia, na kumwambia mtu wazi kwamba kisipokaa akirudishe bila aibu, maana kosa ni la aliyemchagulia. Katika duka zima, maboksi yanayorudi ni machache mno kwa upande wake.

Wazee wa duka bado wanawasimulia wageni habari za bwana harusi na televisheni ya karatasi. Kijana huyo, siku chache baada ya ndoa, alitaka ile kubwa kuliko zote, inayomeza ukuta mzima. Mzee alimketisha, akamsikiliza, kisha akampa boksi lililokatwa kwa ukubwa ule ule wa televisheni, na kipande cha gundi ya karatasi, akamwambia alibandike ukutani wakae nalo wiki moja. Bwana harusi alilibeba shingo upande. Siku ya kwanza bibi harusi alicheka mpaka akakaa chini. Siku ya pili mlango wa chumbani ukagoma kufunguka wote kwa kugonga kona ya boksi. Halafu akaja mjomba kusalimia, akawakuta wamekaa kwenye kochi wanakodolea karatasi, akamvuta mpwa wake pembeni kuuliza kwa upole kama ndani kuna amani. Walirudi dukani wakachukua televisheni ndogo zaidi kwa vipimo viwili, na kilichobaki wakakitia kwenye spika. Mwaka jana bibi harusi yule yule alikuja kubadilisha, sasa ana watoto watatu, na kabla ya salamu aliulizia karatasi. Meneja alizoea kunung'unika kwamba maduka mengine yanauza televisheni, letu linaazimisha maboksi. Leo maboksi hayo yananing'inia nyuma ya mlango yakiwa yamepangwa kwa ukubwa, na kila muuzaji mpya hufundishwa kuyakata.

Ipo pia habari ya mshonaji nguo. Huyu aliuziwa sabufa na Mzee mwenyewe, ikapigwa chumbani ikakaa, ikapelekwa kwenye chumba chake cha kushonea. Kesho yake mshonaji akaja juu. Besi ikianza, mkasi unatembea mezani wenyewe mpaka unaanguka, na mteja wa suti amekimbia akidhani nyumba ina mambo. Mzee hakubisha. Alikwenda, akalala kifudifudi sakafuni, akaweka kiganja juu ya mbao, akaomba kandambili kuukuu. Aliikata vipande vinne, akaviweka chini ya sabufa, mkasi ukatulia. Tangu siku hiyo duka letu halitoi sabufa bila vipande vinne vya kandambili, na wafanyakazi wote tumezoea kuja kazini na ndala zilizokatika. Mgeni akiona kapu la kandambili mbovu karibu na chumba cha kusikilizia, asitushangae.

Kwa wanaotaka kuboresha vyombo vyao, ushauri wake haukubadilika tangu enzi za kaseti hadi leo. Badilisha kimoja, kaa nacho, kizoee, ndipo uje tena. Televisheni za siku hizi ni nyembamba, na sauti zake nazo ni nyembamba, kwa hiyo mara nyingi alianza na masikio kabla ya macho. Na kama kilichopo kilifaa, hakuuza kitu. Mteja mmoja alikuja na pesa za spika mpya kwa kuwa za zamani zilikuwa zimepoa upande mmoja. Akaketishwa, akahojiwa, ikajulikana kuwa spika iliyopoa imekaa nyuma ya kochi, kochi lenyewe limelaliwa na babu. Aliondoka na waya mrefu kidogo, basi. Waya huo ulitoka kaunta yangu, na sioni sababu ya kulificha hilo. Wiki mbili baadaye alirudi na ukoo mzima.

Msije mkadhani tunamuaga malaika. Mzee Keti ni mbishi, tena mbishi wa taratibu, aina inayochosha zaidi. Mteja mmoja anaweza kumlia asubuhi nzima, na watoto wa mteja wakaanza kucheza kombolela katikati ya maboksi. Akienda kufunga vyombo nyumbani kwa watu, chai ya kwanza hukataa, ya pili hukubali, ya tatu huiulizia. Simu ya mkononi anayo, ila ujumbe husomewa na mtu mwingine.

Na yeye na Meneja wana vita yao. Kiwandani televisheni huwekwa mwanga mkali kupita kiasi ili zivutie zikiwa dukani, majani yanakuwa ya kijani ambacho mti haujawahi kukiona. Mzee hawezi kuvumilia. Kila asubuhi kabla mlango haujafunguliwa hupita na rimoti akizipunguza moja moja mpaka sura za watu zirudi kuwa sura za watu. Meneja akishaingia hupita na rimoti yake akizipandisha. Hawajawahi kutamkiana neno juu ya jambo hilo. Sisi wengine huwa tumesimama kwenye kaunta zetu tunatazama ukuta mzima wa televisheni ukififia na kung'aa kwa zamu, na tunakunywa chai.

Sasa tuje kwenye jambo lililotusumbua tangu mwezi wa tatu, nalo ni zawadi ya leo.

Mzee alipotimiza miaka ishirini na mitano kazini, kampuni ilimpa zawadi ya heshima. Televisheni kubwa kuliko zote, na seti ya spika tano pamoja na sabufa, sauti ikuzunguke kama umekaa katikati ya filamu. Picha zilipigwa, makofi yakapigwa, dereva akampelekea mzigo Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi Mzee alishuka kwenye gari la kukodi na maboksi yote, yamefungwa upya vizuri kuliko yalivyotoka. Mbele ya Meneja alisema neno lake moja, haikai. Akaomba abadilishiwe apewe televisheni ya kawaida na spika moja. Moja tu, na waya mrefu.

Maneno yalizunguka duka zima. Meneja aliumia na hakuficha. Wapo waliosema Mzee ana maringo, wapo waliosema labda nyumba haina ukuta wa kutosha, wapo waliosema ametia mfukoni tofauti ya bei. Yeye hakueleza, na hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo tulipoanza kufikiria zawadi ya kustaafu, hofu yetu ilikuwa ile ile. Aibu gani hiyo, duka linalojisifu kuchagulia watu vyombo lishindwe kumchagulia mtu wake mwenyewe, na Jumatatu maboksi yarudi? Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wetu. Ama tumejifunza kitu kwake kwa miaka yote hii, ama tulikuwa tunacheka utani wake tu.

Na tulikaribia kufeli. Tulikutana kwenye chumba cha chai, tukajadiliana kwa hoja za kitaalamu, tukapitisha televisheni kubwa na saundiba ya kisasa, ile spika ndefu ya kulaza chini ya televisheni. Fundi wetu wa ghorofani alichora hata mchoro wa ukuta ambao hajawahi kuuona. Nilikuwa nafunga utepe mwekundu kwenye boksi pale dereva alipoingia kuchukua funguo, akatuangalia, akauliza: "Mmeshakwenda kukaa?"

Watu saba wa duka hili, wote tumefundishwa na Mzee Keti, wote tunawaambia wateja kila siku keti kwanza, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekalia kiti cha nyumbani kwake. Utepe niliufungua mwenyewe.

Siku mbili baadaye, Mzee akiwa kazini, mimi, fundi na dereva tukagonga mlango wake. Mkewe, ambaye dukani sote humwita Mama, alitukaribisha kwa furaha. Tulimjua kutoka kwenye sherehe za miaka iliyopita, mtu wa kucheka na kuitikia kwa kichwa, akikutazama usoni unapozungumza. Tulipomweleza shida yetu alituomba tuongee tukiwa upande wake wa kushoto. Akatueleza, kama mtu anayeeleza habari za mvua, kuwa sikio la kulia lilikufa kwa ugonjwa miaka saba iliyopita, na la kushoto lilibaki nusu. Kifaa cha kuvaa sikioni anacho, hukitumia akitoka. Ndani ya nyumba kinampigia mluzi, anakivua.

Mama ameniruhusu kuandika haya. Amesema niandike yote, ila umri wake nisiutaje.

Tukaomba kukaa. Kiti chake Mama ni cha mbao chenye mto mnene, kinatazama televisheni moja kwa moja. Ukutani, kwa upande wa kushoto, kwa kimo cha sikio lake hasa, imefungwa spika moja. Ni ile ile ya Jumatatu ile. Waya wake umepitishwa pembeni mwa dari kwa vibanio vilivyonyooka, kazi safi, kazi ya Mzee. Mama alicheka akasimulia ile zawadi kubwa ilivyokuja. Sauti zilikuwa zinatoka kila pembe, besi inafunika maneno, naye hakuambulia hata salamu ya mtangazaji. Hakutaka kumharibia mumewe siku yake, akanyanyuka akaenda kukaa chumbani na kufuma kitambaa. Mzee aliketi nayo peke yake kwa muda mfupi, akaizima, akaanza kurudisha spika kwenye maboksi. Chombo kilichomtoa mkewe sebuleni hakikai, hata kiwe kimetolewa na nani.

Kisha nikauliza Mzee mwenyewe hukaa wapi. Mama akatuonyesha kiti cha pembeni, kando ya mlango, jirani na viatu. Nikakikalia. Picha niliiona kwa ubavu. Sauti ilinifikia ikiwa imeshagonga ukuta na kuchoka. Nilimtazama fundi, fundi akatazama sakafu. Mtu aliyetumia maisha yake kuwatoa watu kwenye kiti cha adhabu, huko kwake alikuwa amekikalia yeye.

Sababu yake ni nyepesi. Sauti ikiwa ya kumtosha Mama, ukikaa karibu inakuumiza masikio, na masikio ya Mzee ni mepesi mno. Ikiwa ya kumtosha Mzee, Mama haambulii neno. Basi yeye akasogea, kidogo kidogo, mpaka mlangoni. Muziki wake alioupenda tangu ujana aliuacha kabisa, isipokuwa Jumapili mchana, Mama akisinzia. Hapo hupunguza sauti, huvuta kiti karibu, huweka nyimbo zake taratibu. Mama alipofika hapo alishusha sauti, kana kwamba Mzee yuko chumba cha pili. "Huwa sijalala," alisema. "Nafumba macho ili na yeye asikilize." Amefanya hivyo kila Jumapili kwa miaka yote hiyo, na hilo nalo ameniruhusu kuliandika, kwa sharti kwamba Mzee alisome akiwa mbele za watu asiweze kubisha.

Tulirudi dukani. Dereva hakuwasha redio ya gari. Tangu hapo tulijua tunatafuta nini: vyombo vitakavyowafanya watu wawili wakae kiti na kiti, kila mmoja na sauti yake, kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Si jambo rahisi kama linavyosikika. Televisheni nyingi ukizichomeka hedifoni, spika hunyamaza. Aliyevaa anasikia na wengine wanatazama midomo. Fundi alihangaika wiki nzima mpaka akapata kisanduku kidogo kinachotuma sauti kwenye hedifoni zisizo na waya huku spika zikiendelea kusema. Tena kina swichi ya kukusanya sauti za pande zote mbili na kuzipeleka sikio moja, lisije likapotea neno kwenye upande uliolala. Kwa Mzee tukachagua spika mbili za wastani na amplifaya ndogo, zile zile anazozisifu akidhani hakuna anayemsikiliza. Waya ni wangu, na ni mzuri.

Wiki ya mwisho ya likizo yake ya kabla ya kustaafu, Mzee alipokuwa anahangaikia mambo ya mafao, Mama alikuja dukani. Nilipomwambia keti kwanza alicheka sana. Alikaa kwenye kiti cha mbao cha chumba cha kusikilizia, akavaa hedifoni, tukaweka wimbo aliousema mwenyewe kuwa aliupenda tangu alipokuwa msichana. Meneja, bila kuombwa, akakaa kwenye kochi lililo pembeni yake ili apime kama sauti ya spika inamtosha mtu mwingine. Mama akashika hedifoni kwa mikono miwili akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wanaosikia wenyewe tu, "Kumbe huyu ana wanaomwitikia nyuma!" Waitikiaji wale wa wimbo hakuwa amewasikia kwa miaka saba. Binti wa mapokezi alitoka nje kwenda kufuta macho, na Meneja alipata ghafla shughuli ya kukagua pazia.

Wimbo ulipoisha Mama alivua hedifoni, akamtazama Meneja pale kwenye kochi, karibu yake kabisa, akamuuliza kama masikio yalimuuma. Meneja akasema hapana, yuko salama kabisa. "Basi kiti cha Mzee kirudi huku," Mama akasema. Akasimama, akakunja khanga yake, akatamka lile neno la mumewe: inakaa.

Ile televisheni ya utepe tuliirudisha rafuni, na juzi imenunuliwa na watu waliokwenda kwanza na boksi la karatasi. Chumba cha kusikilizia kinabaki palepale, na viti vyake vitatu, na kapu la kandambili. Kuanzia Jumatatu nahamia mle ndani mimi, kaunta ya nyaya nawaachia wenzangu, na nitawaketisha watu kama nilivyoona wakiketishwa. Meneja naye ameahidi kuwa wiki nzima ijayo hatagusa mwanga wa televisheni hata moja, kwa heshima ya Mzee. Wiki moja tu, amesisitiza.

Mzee wetu, ahsante. Ahsante kwa kila sebule uliyoisogezea makochi yake, kwa kila bibi uliyemtoa mlangoni, kwa ubishi wako ambao kila siku ulituacha tukiwa wauzaji bora kuliko jana. Jina la duka hili watu wanalitaja vizuri kwa sababu yako, nasi tunatembea vifua mbele. Tunakuombea siha njema, mgongo usioumia tena, na Jumapili nyingi ndefu za kusikiliza nyimbo zako ukiwa kando ya Mama, akiwa macho.

Boksi liko mezani mbele yako. Najua utaanza kwa kutazama juu ya kifuniko, pale unapobandika risiti. Usihangaike kuitafuta, Mzee. Hatukuisahau. Hatukuibandika.